Chupa Mbili za Chumba cha Kufulia

Nafula mwanangu,

Umekwenda kuwaaga rafiki zako, nami nimekaa kwenye kitanda chako kwa sababu meza yote imejaa vitu vyako vya safari. Karatasi nimeiweka juu ya sinia. Ukiona mwandiko umepinda, ni sinia.

Sitakuandikia mambo ya kula vizuri na kutunza pasipoti. Hayo shangazi yako amekwisha kukuambia mara tatu, na mengine unayajua kunishinda. Nataka kukuambia jambo moja ambalo nimelikalia miaka kumi na tano. Niliogopa kukuambia ulipoanza shule. Niliogopa ulipopata kipaimara. Baba yako alipokufa niliogopa zaidi, kwa kuwa yeye sikuwahi kumwambia, na sasa deni la kulisema lilikuwa limebaki kwako. Leo naogopa kuliko siku zote hizo, na ndiyo maana naandika badala ya kusema. Mdomo wangu siuamini.

Juzi ulinionyesha picha kwenye simu yako. "Mama, tazama, hapa ndipo nitakapokuwa." Chumba cha kufulia cha hiyo hoteli ya Dubai: mashine zimepangwa ukutani, milango yao ya vioo imefungwa yote, taa nyeupe, sakafu inang'aa mpaka unaweza kujitazama. Wewe ulikuwa unacheka kwa furaha. Mimi nilikuwa natafuta dirisha. Nikakuuliza, "Dirisha liko wapi?" Ukasema, "Mama, ni chini kabisa ya jengo, kuna kiyoyozi." Nikakuambia nakwenda kuangalia maharage. Hakukuwa na maharage jikoni, Nafula. Nilitoka nyuma ya nyumba nikasimama nimeshika ukuta.

Siku zote umeambiwa kwamba kifua chako kiliharibiwa na nimonia ulipokuwa na miaka minne. Ndivyo nilivyomwambia baba yako, ndivyo nilivyowaambia walimu, ndivyo ulivyokua ukiwaambia watu wewe mwenyewe. Hukuwahi kuugua nimonia.

Naanzia mwanzo, uelewe.

Baba yako nami tulitoka Bungoma tukaja Kampala miaka michache baada ya vita. Yeye alipata kuendesha lori za mizigo za kwenda Kigali. Mimi nilipata kazi katika nyumba moja hapa Luzira, upande ule wa ziwani wenye bustani. Siku zile kuta za nyumba nyingine zilikuwa bado na matundu ya risasi, na watu walikuwa na tabia ya kunyamaza ghafla gari likisimama nje. Sisi wageni ndio tulionyamaza zaidi. Nilikuwa naogopa karatasi zangu, naogopa lafudhi yangu, naogopa mtu yeyote mwenye uwezo wa kuniambia "rudi kwenu."

Mwenye nyumba tulimwita Madam. Alikuwa Muganda aliyekimbilia Nairobi wakati wa Amin, kisha akaishi Uingereza, na vita vilipokwisha akarudi na makontena ya vitu. Katika vitu hivyo ilikuwamo mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele wenye kioo cha mviringo. Sikuwahi kuona mashine kama hiyo. Waliifunga katika kistoo kilichokuwa cha kuwekea magunia ya chakula, pembeni ya jikoni. Kistoo hakikuwa na dirisha. Mlango wake ulikuwa wa mbao nzito na ulijifunga wenyewe ukiuachia, na kitasa cha ndani kilikuwa kimekufa. Sote tulijua. Tulikuwa tunauzuia kwa tofali.

Tulikuwa wafanyakazi wawili. Mimi nilishika nguo. Mwenzangu aliitwa Akello, mke wa askari wa magereza, mtu wa kaskazini, mwembamba, mrefu, hana maneno mengi. Alishika jiko na pasi. Hakuwa amesoma. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha pili, na kwa aibu nakuambia kwamba nilimwonyesha hivyo kila siku. Kila kopo likija nyumbani, nilikuwa nalichukua mimi kwanza nasoma maandishi kwa sauti, hata nisipoyaelewa.

Mashine ilifua vizuri karibu mwaka mzima. Kisha ikaanza kunuka. Mwanzoni ni kidogo, ukifungua mlango unapata kitu kama taulo lililosahaulika kwenye ndoo. Baadaye ikawa harufu ya kabichi iliyooza. Nguo zinatoka zina rangi nzuri, zikikauka hazina neno, lakini mtu akivaa na kutoka jasho, uvundo unarudi. Mimi niliongeza sabuni. Harufu ikazidi. Niliongeza yale maji mazito ya kulainisha nguo, yenye manukato ya maua, na harufu ikawa ya maua yaliyooza. Nilikuwa nanusa mikono yangu nikilala. Nilikuwa nanusa nguo zako.

Akello aliniambia. Kumbuka hili, kwa sababu ndilo linalonichoma. Siku moja alisimama mlangoni kwa kistoo, pasi mkononi, akasema, "Mama Nafula, hii mlango ya mashine wacha wazi. Ile wiki umeme ilipotea, iliachwa wazi siku mbili, harufu ilipungua. Mimi nilisikia na pua yangu."

Nikamjibu, "Akello, mashine ya Uingereza haifanyi kazi kwa pua." Madam alikuwa ameagiza mlango wa mashine ufungwe kila wakati, mende wasiingie. Agizo lilikuwa la Madam, na wazo lilikuwa la mtu asiyejua kusoma. Sikulifikiria hata kidogo.

Akello hakubishana. Alirudi kwenye nguo zake za pasi.

Kisha mume wa Madam alirudi kutoka kwenye mkutano fulani wa wakubwa akiwa na hasira. Mtu aliyekaa karibu naye alikuwa amehamia kiti kingine. Madam alituita sebuleni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Nguo zangu zinanuka kama kinamasi. Nakwenda Entebbe, narudi Jumamosi. Nikikuta harufu hiyo bado ipo, nitatafuta watu wanaojua mashine."

Nafula, sina njia ya kukueleza hofu ya siku hizo ukaielewa, wewe uliyekulia hapa na kuongea Luganda kama mwenyeji. Nilijiona nimekwisha kufukuzwa, nimekwisha kurudishwa Bungoma, na mama mkwe anauliza nilifanya nini.

Ijumaa asubuhi jirani aliyekuwa akikutunza alikwenda msibani, nikaja nawe kazini. Ulipenda kuja. Ulikuwa unakaa sakafuni mbele ya kioo cha mashine ukitazama nguo zikizunguka, ukisema ni televisheni. Nilikupa kikombe cha uji na mkate, nikakukalisha kwenye kizingiti cha jikoni, nikaingia kistoo na chupa mbili.

Ya kwanza ilikuwa dawa ya klorini, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Ya pili ilikuwa asidi ya kusugulia choo. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani: kama dawa moja inaua uvundo, mbili zitaumaliza kabisa. Kwenye chupa ya asidi kulikuwa na maandishi mekundu. Mimi msomaji wa makopo, siku hiyo sikusoma. Nilimimina klorini yote ndani ya mashine, kisha asidi juu yake. Ikafanya sauti ya mafuta kwenye kikaango. Macho yakaniwasha, koo likakwaruza, nikasema moyoni, naam, hii sasa ni dawa kali, hii itafanya kazi. Sikuufunga hata mlango wa mashine, niliona nisije nikabanwa na kikohozi. Nilitoka haraka. Halafu, ili harufu ile ya dawa isiingie kwenye mapazia ya Madam, nililiondoa tofali kwa mguu.

Nilichukua beseni la mashuka nikaenda kuanika nyuma. Kulikuwa na upepo mzuri wa ziwani. Nakumbuka niliridhika. Nilikuwa na vibanio mdomoni.

Wewe ulimaliza uji ukaenda kutafuta televisheni yako. Ulikuwa unafikia kitasa cha nje, na ulikuwa na nguvu ya kuusukuma ule mlango kuingia. Kuufungua kutoka ndani hata mtu mzima alishindwa.

Sikukusikia mimi. Alikusikia Akello, yuko chumba cha pasi. Alisikia kikohozi kimoja, kisha kingine, kisha kikanyamaza. Mimi nilichosikia ni sauti yake, ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda: "Mama Nafula! Mtoto! Mtoto nakufa huku!"

Nilipofika, mlango ulikuwa wazi na hewa ya kijanikijani inatambaa chini sakafuni kama moshi mzito. Baadaye niliambiwa kwamba hewa hiyo ni nzito, haipandi, inakaa chini. Inakaa kimo cha mtoto. Akello alikuwa amelowesha leso yake kwenye sinki, amejifunga usoni, ameingia. Mimi nilisimama, Nafula. Mama yako mzazi alisimama mlangoni, na mwanamke niliyekuwa namdharau akaingia akatoka nawe mikononi, macho yake yanatiririka, wewe umelegea, midomo yako ina rangi ambayo bado naiona.

Akello ndiye aliyekimbilia barabarani akasimamisha gari la jirani. Na kabla ya kuingia kwenye gari alirudi ndani mbio. Nilidhani amechanganyikiwa. Alirudi na zile chupa mbili tupu, amezifunga kwenye ile leso.

Hospitalini, daktari aliuliza, "Amevuta nini huyu mtoto?"

Nikasema, "Sijui."

Ndivyo nilivyosema. Unahangaika kupumua, kifua chako kinabonyea kila ukivuta, daktari ananiuliza jambo moja tu, nami nasema sijui. Nilimwona daktari, nikaona polisi nyuma yake, nikaona jela hii ya hapa Luzira ambayo nilikuwa napita ukuta wake kila siku. Nilihisi nikifungua mdomo watakuchukua, watanichukua na mimi.

Akello akafungua leso. "Daktari, ni hii. Na hii. Pamoja." Daktari akazinusa kwa mbali akageuka na kuanza kuagiza watu. Walikuwekea oksijeni. Ulilala humo siku tano. Siku ya tatu uliomba mkate, nikalia mpaka muuguzi akanitoa nje.

Madam alikuja Jumamosi ile ile, moja kwa moja kutoka Entebbe, viatu vya safari bado miguuni. Tulikuwa kwenye benchi la nje, mimi na Akello, na chupa zilikuwa kando ya Akello kwa kuwa daktari alimwambia azihifadhi. Madam alizitazama. Akauliza, "Ni nani alimimina hizi ndani ya mashine yangu?"

Nilitazama chini. Kulikuwa na kifuniko cha soda sakafuni, nikakitazama. Nilijua Akello ananiangalia. Alikuwa ananipa nafasi, alinipa nafasi ndefu sana. Sikuichukua.

Madam akasema, "Akello, nakuuliza wewe. Chupa ziko kwako."

Akello akasema, "Ndiyo, ziko na mimi."

Hakusema zaidi ya hapo. Madam alimwambia asirudi kazini, na kwamba ashukuru kwa kuwa mtoto yuko hai, la sivyo angempeleka polisi. Akello alisimama, akakunja leso yake, akaingia wodini kwanza. Alikugusa mguu. Kisha akaenda zake.

Kwa hiyo chupa zilizookoa maisha yako ndizo zilizomfukuzisha kazi. Na mimi nilibaki katika nyumba ile miaka saba zaidi. Madam alinihurumia kwa sababu mtoto wangu aliumizwa na uzembe wa mwenzangu. Baba yako aliporudi kutoka Kigali ulikwisha kutoka hospitali, nikamwambia ni nimonia, na alifurahi kwamba umepona. Alikuwa akikupigapiga mgongo ukikohoa. Alikufa anaamini hivyo. Sikupata siku ya kumwambia, au nilizipata zote nikaziacha zipite.

Ngoja nikuambie na mashine ilikuwaje. Wiki iliyofuata Madam aliita fundi kutoka Nakivubo, mzee mmoja wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikaa chini kwenye kigoda kidogo, akaugeuza ule mpira wa mlangoni kwa kidole, na ndani ya mkunjo wake palikuwa na utelezi mweusi, nywele, kibanio, na soksi ya mtoto iliyooza. Akafungua kifuniko kidogo cha chini, ambacho mimi nilidhani ni pambo, akachomoa chujio. Yalitoka maji ya mwaka mzima. Akavuta kile kidroo cha sabuni, nyuma yake pamejaa ukungu. Nilisimama na kitambaa puani.

"Mama," alisema, "hii mashine haina ugonjwa. Unailisha sabuni nyingi, haiwezi kumaliza, inabaki inaoza. Na hamuiachi ipumue. Ukimaliza kufua futa huu mpira, chujio lifungue kila baada ya wiki chache, mara moja kwa mwezi iendeshe tupu kwa maji ya moto kabisa. Na mlango wacha wazi."

Mlango wacha wazi. Nilimwahidi maji nikaenda kumletea mwenyewe, ili tu nipate kuondoka pale.

Harufu iliisha ndani ya siku mbili. Haikuhitaji dawa yoyote kali. Ilihitaji kitambaa na mlango uliofunguliwa, na Akello alikuwa ameniambia.

Tangu hapo nimeishi na woga ambao hukuujua chanzo chake. Unakumbuka ulivyochukia shule ilipowapeleka kuogelea, ukatapika kabla hata ya kuingia majini, na mwalimu akasema unajidekeza? Ile ilikuwa harufu ya klorini. Kichwa chako kilisahau, mwili haukusahau. Unakumbuka nilivyokuchapa ulipochungulia chini ya sinki la jirani? Nisamehe kwa kibao hicho. Na usiku ukikohoa, hata sasa umekuwa msichana mkubwa, huwa naamka nahesabu pumzi zako kupitia pazia. Nikifikiri kwamba kuanzia keshokutwa utakohoa mahali nisipoweza kuhesabu, napata kizunguzungu.

Miaka miwili iliyopita nilimwona Akello. Nilikuwa nimeteremka Nakivubo kutafuta pazia, nikapita kwa wauza mashuka ya mitumba, na huyo hapo, mvi kichwani, anakunja shuka kwa ule ukunjaji wake wa pembe kwa pembe. Nilitaka kugeuka nirudi. Watu walikuwa wengi, wakanisukuma mbele mpaka nikafika kwenye meza yake.

"Mama Nafula," alisema, kama tulioachana jana. "Mtoto iko?"

"Yupo. Amekuwa mkubwa. Anaanza chuo cha hoteli."

"Kifua?"

"Kinamsumbua wakati wa baridi. Na vumbi."

Alitikisa kichwa polepole, akaendelea kukunja. Nikaanza kulia pale pale kati ya wateja, nikamwambia, nilikukosea, Akello, nilikuona unanitazama nikatazama chini. Akasema, "Mimi nilijua. Nilikungoja kidogo, nikaona wewe hapana weza."

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Wewe ilikuwa na mtoto ndani kule. Mimi ilikuwa na kazi tu." Kisha uso wake ukakaza, nami nikaona kwamba hakuwa ameyasahau. "Lakini ilikuwa kazi yangu. Baada ya hapo hakuna nyumba ya Luzira ilinichukua. Walisema mimi ni ule mama wa sumu."

Nilimwomba msamaha. Akauliza, "Mtoto unamwambia?"

"Bado."

"Basi mimi usiniombe. Kwanza enda ambia mtoto. Yeye ndiye alivuta."

Nilirudi nyumbani nimekusudia kukuambia jioni hiyo. Ulikuwa na mtihani. Kisha ulikuwa na mazoezi ya kazi. Kisha wakala wa ajira akakupigia simu kuhusu Dubai, ukarukaruka chumba kizima, nikajiambia nitaharibu furaha ya mtoto. Naona sasa kwamba siku zote nimekuwa na sababu nzuri.

Mwezi uliopita tulikwenda pale kliniki ya Mengo kupimwa afya ya safari. Daktari aliweka kile kifaa mgongoni kwako, akasikiliza kwa muda, akakuuliza, "Kifua hiki tangu lini? Uliwahi kuvuta kemikali yoyote?" Ukasema hapana, ni nimonia ya utotoni, kisha ukanigeukia mimi kama shahidi wako. Nami nikasema, "Ndiyo, nimonia." Akaandika. Akagonga muhuri. Ulinishika mkono tukitoka, na mkono wako ulikuwa na joto, na mimi nilihisi nimesimama tena mlangoni kwa kile kistoo.

Mwanangu, mimi sijui daktari yule angefanya nini kama angejua. Huenda angesema nenda, uchukue tu inhela zako za kuvuta ukibanwa kifua. Huenda angekuzuia usifanye kazi ya kufulia. Nilikunyima haki ya kulijua jibu hilo. Mkataba wako unasema chumba cha kufulia, na huko kuna klorini kwa mapipa, na kuna msimamizi ambaye siku moja atakunja uso kwa sababu taulo za wageni zinanuka. Ndicho ninachokiogopa hasa. Mashine siziogopi. Naiogopa siku mtu mkubwa atakaposema kwa sauti ya chini, "nataka harufu hii iishe kesho," nawe uko mbali na kwenu, hujui umkimbilie nani. Naijua hofu hiyo. Ilinifanya nisisome maandishi mekundu yaliyokuwa mbele ya macho yangu. Wakati huo mkono unamimina tu.

Mimi sina hekima ya kukupa. Nina hayo yaliyonipata. Ukianza kuwashwa macho, toka, usimalize kazi kwanza. Akiwapo mwenzako asiyejua kusoma anayekuambia jambo kuhusu mashine, kaa umsikilize. Na ikitokea umekosea, hata kosa la kutisha, sema siku ile ile. Kukiri kungenigharimu kazi moja. Sikukiri, na gharama yake alilipa Akello, ukalipa wewe, na baba yako akalazwa kaburini na uwongo wangu.

Kesho ndege yako ni ya jioni. Kliniki ya Mengo inafunguliwa asubuhi, nami nimekwisha kumpigia daktari yule simu saa saba mchana leo. Nilimwambia jina lako na nikamwambia ukweli wote, chupa zote mbili. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia niliogopa. Akasema tuje akufanyie kile kipimo cha kupuliza, halafu ndipo mjadiliane wewe na yeye. Alisema "wewe na yeye." Mimi hakunitaja. Wakala atakasirika. Inawezekana safari ikavunjika, na inawezekana ukanichukia kwa kuivunja usiku wa mwisho, ilhali nilikuwa na miaka mingi ya kuchagua. Pia inawezekana usiende kliniki, upande ndege yako. Una miaka kumi na tisa, sitakufungia mlango. Lakini chagua ukiwa unajua.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuitia chini kabisa ya begi, uisome ukifika, wakati mimi niko mbali na macho yako. Nilikwisha hata kunyanyua nguo. Nimezirudisha. Nitakupa mkononi, kabla ya chakula, na nitakaa mbele yako unaposoma, kila ukurasa, bila kutazama chini. Ukimaliza, niulize lolote, kwa sauti yoyote.

Ni mimi niliyemimina.

Mama yako